Kuhamisha na Kukarabati Kinanda cha Mabomba cha Kale: Mwongozo Kamili kwa Makanisa ya Mwanza na Mwambao wa Ziwa Viktoria

Makanisa mengi ya Ulaya yanafungwa au yanaunganishwa, na ndani yake vimebaki vinanda vya mabomba vilivyotengenezwa miaka 100 au 150 iliyopita, ambavyo wenyewe wako tayari kuvitoa kwa bei ndogo au hata bure, mradi mpokeaji agharimie kuving'oa na kuvisafirisha. Vinanda vingi vya Uingereza vimekwisha kuhamia Uholanzi, Ujerumani na Poland kwa njia hiyo. Ofa ya namna hiyo ikifika katika parokia au usharika wa Mwanza, Magu, Sengerema au Ukerewe, hupokewa kwa shangwe, na kamati huanza kuulizia bei ya kontena kabla haijauliza jambo lingine lolote. Mwongozo huu unaanzia kwingine. Msimamo wangu ni kwamba kinanda kinachohamishwa huishi au hufa kwa sababu ya hewa, umeme, wadudu na watu wa pale kinapokwenda, na kwamba ufundi wa mkarabati, hata awe bingwa, huja baada ya hayo.

Jinsi kinanda hiki kinavyofanya kazi

Aliyezoea kibodi ya umeme hana budi kujua kwanza kwamba kinanda cha mabomba ni chombo cha upepo. Feni inayozungushwa na mota husukuma hewa kwenye mvukuto mkubwa wenye maungio ya ngozi, na mvukuto huo, ukiwa umewekewa vyuma au matofali ya uzito juu yake, huihifadhi hewa katika mgandamizo usiobadilika. Kutoka hapo hewa huingia kwenye masanduku ya upepo ya mbao, ambayo juu yake mabomba yamesimama kwa safu. Kila safu yenye sauti ya aina moja huitwa rejista. Mpigaji akivuta kitasa cha rejista, ubao telezi wenye matundu husogea chini ya safu hiyo na kufungua njia. Akibonyeza kitufe, vali yenye uso wa ngozi hufunguka na hewa hupanda kwenye bomba la noti inayotakiwa. Mabomba mengi hulia kwa mdomo, kama filimbi, na machache hulia kwa ulimi mwembamba wa shaba ya njano unaotetemeka.

Rejista moja ya kibodi huwa na mabomba 54 hadi 61, kwa hiyo kinanda cha rejista 20 kina mabomba yapata 1,000 au zaidi na uzito wa tani kadhaa. Bomba refu kuliko yote katika rejista ya futi 8 hufikia takriban mita 2.4 bila mguu wake, na la futi 16 hukaribia mita 5, ilhali madogo kabisa hayazidi kidole.

Hatua ya kwanza: kuamua kama kipokewe

Jambo la kuulizia kabla ya umri wala jina la mtengenezaji ni utaratibu unaounganisha kitufe na vali. Katika vinanda vingine kazi hiyo hufanywa na fito nyembamba za mbao, nyaya na wenzo ndogo. Katika vingine hufanywa na mirija ya hewa na mamia ya vifuko vidogo vya ngozi. Na katika vingine hufanywa na sumaku za umeme. Kwa mazingira yetu ninapendekeza aina ya kwanza tu. Fito iliyovunjika inaweza kuchongwa upya na seremala yeyote makini wa Mabatini au Pasiansi akiwa na ile ya zamani mkononi kama kielelezo, lakini vifuko vya ngozi vikianza kupasuka hupasuka kwa mkupuo, na anayeweza kuvibadilisha vyote yuko mbali na hulipwa kwa siku.

Ukubwa nao huwadanganya watu. Kinanda cha rejista 8 hadi 15, kilichochaguliwa vizuri, kinatosha kuongoza waumini mia kadhaa wanaoimba kwa sauti ya Kisukuma, ambayo haihitaji kusukumwa sana. Kinanda cha rejista 40 kitaifurahisha kamati siku ya uzinduzi na kuilemea miaka yote inayofuata.

Baada ya hapo kamati ijibu kwa maandishi maswali haya: nani atakipiga kila Jumapili na nani atamrithi, nani kati ya vijana wa hapa atajifunza kukitunza, fungu gani la bajeti ya mwaka litakilipia matunzo, na kitakaa sehemu gani ya kanisa. Kijana mmoja au wawili waliosoma useremala VETA, wenye masikio mazuri na subira, wachaguliwe mapema na, ikiwezekana, wawepo tangu siku kinanda kinapofunguliwa huko kilikotoka, kwa sababu aliyekifungua ndiye atakayejua kukifunga. Ikiwa majibu ya maswali hayo ni "tutaona", basi ofa ikataliwe kwa shukrani. Wanakwaya nao washirikishwe tangu mwanzo, wajue kwamba kinanda hakiji kuondoa ngoma wala kayamba.

Hatua ya pili: kuliandaa kanisa

Joto ndilo adui wa kwanza. Chini ya paa la mabati lisilo na dari, hewa ya juu huwa na joto kuliko ya sakafuni kwa nyuzi kadhaa mchana, na mabomba yaliyo juu hupanda sauti huku ya chini yakibaki nyuma, hata kinanda kikawa hakipatani na nafsi yake. Kanisa liwekewe dari kamili, na kati ya dari na bati pawe na njia ya hewa. Kinanda kisiegemezwe kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Makanisa ya zamani ya kuta nene za mawe au tofali za kuchoma yana nafuu kubwa kuliko majengo mapya ya kuta nyembamba na madirisha mapana.

Uzito hauna shida pale sakafu inapokaa juu ya miamba ya Mwanza. Ikiwa kinanda kitapandishwa kwenye ghorofa ya kwaya, mhandisi wa majengo apige hesabu na kutia sahihi kabla kinanda hakijang'olewa kilipo.

Wadudu na wanyama wanahitaji kushughulikiwa kabla kinanda hakijafika. Popo wafukuzwe na mianya yote ya kenchi izibwe kwa wavu, kwa kuwa mkojo na kinyesi chao hula metali ya mabomba. Kinanda kisimame juu ya jukwaa la zege au la chuma lililoinuliwa ili mchwa aonekane akijenga njia yake, si kwenye mbao zilizolazwa juu ya udongo. Kisha kuna wale visubi wa ziwani wanaopanda angani kama moshi, hasa mwezi unapoandama, na kuvamia kila penye taa. Mguu mmoja wa mdudu ukinasa kati ya ulimi wa shaba na kitako chake, bomba huwa bubu. Kwa hiyo chumba cha feni kiwe na mlango unaofunga sawasawa, tundu la kuingizia hewa liwe na wavu laini unaoweza kutolewa na kuoshwa, na taa isiwashwe ndani ya kinanda usiku pasipo sababu.

Kwa upande wa umeme, mota ya Ulaya ya volti 230 na hezi 50 inakubaliana na umeme wa TANESCO. Mota ya Marekani ya hezi 60 ni tatizo: ikiungwa kwenye hezi 50 huzunguka polepole kwa karibu asilimia 17, na kwa kuwa mgandamizo wa feni hufuata mraba wa kasi, hupungua kwa takriban asilimia 30. Hiyo ibadilishwe. Mota yoyote iwekewe kinga ya volti inayopanda na kushuka, na kama ni ya fezi tatu, iwe na kinga ya kupotea kwa fezi moja. Vinanda vingi vya karne ya 19 vilikuwa na mpini wa kupampu mvukuto kwa mkono. Ukiukuta bado upo, au hata alama zake tu, urudishwe. Umeme ukikatika katikati ya misa, kijana mmoja mwenye misuli atamaliza ibada.

Hatua ya tatu: vibali

Mmiliki wa sasa awe na idhini ya maandishi ya dayosisi yake na ya mamlaka ya urithi wa kale pale inapohitajika, kwa sababu kinanda cha kihistoria hakitolewi kwa uamuzi wa mtunza ufunguo wa kanisa.

Vitufe vya zamani mara nyingi vimefunikwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu, na hili kwa Tanzania si jambo la mzaha. Uingereza ina sheria ya mwaka 2018 inayobana biashara ya pembe, na usafirishaji wowote wa kimataifa uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Ama nyaraka za CITES zitafutwe pande zote mbili kupitia mamlaka za wanyamapori kabla ya kufunga mzigo, ama vipande hivyo vibaki kwa mmiliki na vitufe vifunikwe upya kwa mfupa wa ng'ombe, huku badiliko hilo likiandikwa kwenye kumbukumbu za ukarabati. Mimi ningechagua njia ya pili, ingawa wahifadhi wakali watanuna.

Mbao za masanduku ya kufungia mzigo ziwe na mhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kutibu mbao za vifungashio dhidi ya wadudu, na wakala wa forodha awasiliane mapema na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ikiwa kontena litafukizwa, ulizeni ni dawa gani inatumika. Gesi ya fosfini inayotokana na vidonge vya kufukizia nafaka hula shaba, hivyo ndimi za shaba na viungo vyote vya umeme viondolewe na kusafiri peke yake. Katika tamko la forodha, kinanda cha mabomba huingia katika kichwa cha ushuru namba 9205, cha ala za upepo. Wakala asiyejua ataandika "samani" au "mashine" na mzigo utakwama bandarini. Ombi la msamaha wa kodi kwa taasisi ya dini lipelekwe TRA kabla meli haijaondoka.

Hatua ya nne: kuweka kumbukumbu kabla ya kugusa chochote

Kinanda kipigwe picha kikiwa kizima, kutoka kila upande, kisha kila sehemu ipigwe picha kabla ya kufunguliwa. Sauti ya kila rejista irekodiwe kwa simu, noti moja baada ya nyingine. Anayeharakisha hapa atalipa baadaye kwa miezi.

Vipimo viwili ni vya lazima. Cha kwanza ni mgandamizo wa upepo, ambao hupimwa kwa kifaa anachoweza kukitengeneza yeyote: chukueni mrija mwangavu wa plastiki wenye urefu wa mita moja hivi, uufunge kwenye ubao ukiwa umekunjwa kwa umbo la U, uutie maji hadi nusu, kisha ncha moja uichomeke kupitia kizibo cha mpira kwenye tundu la bomba lililong'olewa. Rejista ikivutwa na kitufe kikabonyezwa, maji yatashuka upande mmoja na kupanda mwingine, na tofauti ya vimo hivyo kwa milimita ndiyo mgandamizo. Vinanda vingi vya makanisa ya kawaida husoma kati ya milimita 60 na 90. Cha pili ni kimo cha sauti ya noti A, yaani mitetemo yake kwa sekunde (hezi), pamoja na nyuzijoto za ndani ya kanisa wakati wa kupima. Kimoja bila kingine hakina maana, kama itakavyoonekana mbele.

Mabomba mengi yamegongwa herufi za noti na mtengenezaji mwenyewe. Kwa kinanda cha Kijerumani kumbukeni kwamba herufi B ina maana ya B flati, na B ya kawaida huandikwa H. Pia mabomba hayasimami kwa mfuatano wa kibodi, bali mara nyingi hugawanywa pande mbili, moja ikiwa na C, D, E na nyingine C kali, D kali, F. Mchoro wa mpangilio huo uchorwe kabla bomba la kwanza halijatoka. Lebo ziwe za karatasi ngumu zilizofungwa kwa uzi wa pamba na kuandikwa kwa penseli. Selotepu huacha gundi ambayo joto la kontena litaigeuza kuwa ulimbo.

Hatua ya tano: kufungua na kufunga mzigo

Mabomba madogo hutoka kwanza, kisha ya ulimi, kisha makubwa, ndipo zifuate fito, meza ya mpigaji, masanduku ya upepo, mivukuto na mwisho kabati la nje. Bomba la metali hushikwa mwilini kwa mikono miwili, kamwe si kwenye mdomo, ambao ukibonyea kwa nusu milimita hubadili sauti. Metali hii ni mchanganyiko wa bati na risasi, laini kiasi kwamba kidole gumba kikikandamiza huacha shimo. Kwa sababu ya hiyo risasi, wafanyakazi wavae barakoa wanapofuta vumbi, wasile chakula mahali pa kazi, na wanawe kabla ya kushika chochote cha kutia mdomoni. Nyumba za feni za zamani huweza kuwa na asbesto. Ikionekana nyuzinyuzi ya kijivu imebandikwa ndani, kazi isimame mpaka mtaalamu aikague.

Mabomba madogo hulazwa katika trei za mbao zenye vigawanyo, yakiwa yamefungwa karatasi laini isiyo na asidi, safu moja tu kwa kila trei. Makubwa hulazwa kwenye viti vya mbao vilivyokatwa nusu duara na kuwekewa sponji, viti vitatu au vinne kwa urefu, ili yasijipinde kwa uzito wake yenyewe. Hakuna kinachowekwa juu ya bomba la metali, hata blanketi. Gazeti lisitumike kufungia, kwani wino na asidi yake huacha alama.

Hatua ya sita: safari

Kontena la futi 40 linatosha kwa kinanda cha rejista 20 hivi. Lile la futi 20, lenye urefu wa ndani wa mita 5.9, hupokea hata bomba la futi 16, lakini halibakishi nafasi ya kufanya kazi. Vipande vizito vya masanduku ya upepo vikae chini na kufungwa mikanda. Mifuko ya kufyonza unyevu itundikwe, kwa sababu kontena hutoka jasho usiku wa baharini na matone yake huangukia mbao. Ombeni kontena lisikae kwenye jua la Dar es Salaam wiki kwa wiki.

Kutoka bandarini, barabara ya Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga ni zaidi ya kilomita 1,100, na hatari yake kubwa ni matuta ya kila kijiji. Dereva alipwe kwa kwenda taratibu, na kontena lifike likiwa na lakiri yake mpaka mlangoni pa kanisa. Kwa wa Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa foleni ya kivuko. Wa Ukerewe huenda wakalazimika kushusha masanduku na kuyapakia upya kwa ajili ya kivuko cha Kisorya–Rugezi, hivyo kila sanduku liwe la kubebeka na watu wanne.

Stoo ifungwe kwa kufuli mbili na ilindwe. Rundo la mabomba ya bati na risasi, kwa jicho la mnunuzi wa vyuma chakavu, ni kilo tu.

Hatua ya saba: kuzipumzisha mbao

Mbao zilizoishi miaka mingi katika kanisa lenye kipasha joto zimekauka kuliko mbao za hapa. Zikifika Mwanza huvuta unyevu na kuvimba, na mbao telezi hubana mahali pake. Fundi mwenye haraka atachukua randa na kuzipunguza, na kiangazi kinachofuata upepo utavujia kwenye pengo lile lile. Masanduku yafunguliwe ndani ya kanisa lenyewe, si kwenye kontena wala kwenye banda la bati, yaachwe wiki sita au zaidi, na unyevu wa mbao upimwe kila wiki mpaka namba zitulie. Mzigo ukifika kati ya Juni na Septemba, mbao huzoea polepole kabla ya mvua.

Hatua ya nane: ukarabati wenyewe

Kanuni inayotawala hapa ni kwamba kila kitakachofanywa kiweze kufunguliwa na fundi wa miaka 50 ijayo. Ndiyo sababu ngozi ya mivukuto na vali hubandikwa kwa gundi ya moto ya ngozi za wanyama, inayopashwa ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya joto la nyuzi 60 hivi bila kuchemka, kwa kuwa maji ya uvuguvugu yatakuja kuiachilia. Gundi nyeupe ya mbao na gundi za kemikali zinazoshika kama chuma zibaki kwenye karakana za samani. Ngozi iwe ya kondoo, laini, iliyotengenezwa kwa kazi hii. Reksini ya viti vya magari huonekana imara lakini hupasuka kwenye mikunjo. Kwa kuwa gundi hii hulegea katika unyevu mkubwa, maungio ya mivukuto yakaguliwe kila masika.

Sanduku la upepo ndilo moyo wa kazi. Ndani yake limegawanywa kwa vijia, kimoja kwa kila noti, na mbao ikipasuka hewa huvuja kutoka kijia hadi kingine, mpaka ukibonyeza C husikia pia mnong'ono wa jirani yake. Lipimwe kwa kuunganisha feni na kusikiliza kijia kimoja kimoja vali zote zikiwa zimefungwa. Nyufa nyembamba huzibwa kwa kumwagia gundi ya moto iliyo nyepesi ndani ya kijia na kulizungusha sanduku ienee. Nyufa pana huchongewa kipande cha mbao ile ile. Panapohitajika mbao mpya, mninga mkavu ni chaguo bora kwa sababu hausinyai wala kuvimba sana. Mbao zenye matundu ya bungua zipakwe dawa ya chumvi ya boroni zikiwa wazi bila vanishi. Zilizooza kwa ndani zibadilishwe, na kipande cha zamani kitunzwe kwenye boksi lenye lebo.

Mabomba ya metali huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini na brashi ya manyoya, husuuzwa na kusimamishwa yakauke kivulini. Steelwire na unga wa kung'arishia ni marufuku. Penye mbonyeo, bomba huvishwa kwenye mti wa duara uliochongwa kwa kipimo chake na kunyooshwa kwa kuviringisha taratibu, si kwa nyundo. Unga mweupe kwenye miguu ya mabomba ni dalili ya kutu ya risasi, ambayo mara nyingi husababishwa na mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao za mwaloni; usipanguswe hovyo, kwani ni sumu, na nafasi ya ndani ya kinanda ipewe mzunguko wa hewa. Mdomo wa bomba usikatwe wala kupanuliwa ili "liongeze sauti". Hilo ndilo kosa lisilorudishika kuliko yote katika kazi hii.

Fito, nyaya na wenzo husafishwa na kurudishwa. Zile zilizovunjika huigwa. Kabati la nje lioshwe na lisipakwe rangi mpya mpaka rangi ya asili ichunguzwe.

Hatua ya tisa: upepo wa Mwanza

Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ya nyuzi 25 ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko hewa ya pwani ya Ulaya ya nyuzi 15. Feni ile ile, kwa kasi ile ile, hutoa mgandamizo mdogo kwa kiasi hicho hicho. Wengi hukimbilia kununua feni kubwa zaidi. Wasubiri kwanza, kwa sababu katika hewa nyepesi mgandamizo ule ule husukuma upepo mdomoni mwa bomba kwa kasi zaidi kuliko bomba lilivyozoea, na bomba huanza kupiga kelele. Kinanda kilichokuwa na milimita 80 huko kilikotoka kianzishwe hapa na 68 au 70, kwa kupunguza uzito juu ya mvukuto, na masikio ya fundi yaamue kutoka hapo. Mara nyingi feni ya zamani itatosha, na mabomba hayatahitaji kuguswa.

Hatua ya kumi: kulinganisha sauti

Mabomba ya mdomo hupanda sauti hewa inapopata joto, na mwinuko kutoka usawa wa bahari hauna athari hapo. Kinanda kilichokuwa na A ya hezi 440 kwa nyuzi 15 kitasoma karibu 447 au 448 kwa nyuzi 25, bila kosa la mtu yeyote. Hapo kamati itasikia malalamiko kwamba kinanda hakipatani na kibodi. Ikiwa mabomba yana pete za kusogeza juu, na pete hizo zina nafasi, yanaweza kushushwa kidogo. Kama yamelinganishwa kwa kubana ncha, kuyalazimisha ni kuyaua. Kibodi za umeme zina sehemu ya kupandisha sauti kwa hezi chache, na matarumbeta yana mirija ya kusogeza. Wao ndio wakifuate kinanda.

Ulinganishaji ufanyike asubuhi na mapema, milango ikiwa imefungwa, na usivushe saa joto linapoanza kupanda. Mabomba ya ulimi hayafuati joto kama ya mdomo, hivyo huonekana yameshuka mchana. Hayo ndiyo yalinganishwe na mengine, na si kinyume chake.

Matunzo na malipo ya mwisho

Daftari moja likae ndani ya kinanda, na kila kasoro iandikwe humo na mpigaji pamoja na tarehe, hali ya mvua au ukame, na rejista husika. Wavu wa feni uoshwe kila mwezi, na mara nyingi zaidi visubi wanapopanda. Mjusi akionekana, mayai yake yatafutwe nyuma ya vitufe vya miguu, mahali penye joto. Noti ikikwama na kulia bila kubonyezwa, rejista ifungwe, bomba lising'olewe katikati ya ibada. Ufunguo wa kabati ushikwe na mtu mmoja anayejulikana kwa Baba Paroko au Mchungaji, na mafundi wa spika wasipitishe nyaya zao ndani yake.

Mkataba na mkarabati useme wazi kwamba atarudi mara mbili baada ya uzinduzi, mara moja mwishoni mwa masika na mara moja mwishoni mwa kiangazi, kurekebisha mbao telezi, vali na sauti, na kwamba sehemu ya malipo yake itabaki mikononi mwa kanisa mpaka safari ya pili ikamilike na vijana wa hapa wawe wamelinganisha rejista moja nzima mbele yake bila msaada.